Kitambaa Cheusi Nyuma ya Ua

Panda, Likasi

Solange mwanangu,

Mizigo yako imefungwa na wewe umelala, au unajifanya umelala kama ulivyozoea tangu utotoni. Mambo ya safari sitayarudia. Shangazi yako ameshakwambia kuhusu wezi wa treni, maji ya kuchemsha, pesa za kushonea kwenye pindo la kikwembe, na kwamba usimpe mtu usiyemjua akushikie kikapu, hata kama amevaa msalaba mkubwa kuliko wa askofu. Kama kuna alichosahau, ataamka alfajiri akuongezee. Mimi nina neno moja tu, na nimelikimbia tangu siku tuliyopata habari kwamba unakwenda.

Unakwenda Mwene-Ditu, kwa majirani zetu wa zamani, Papa Kabongo na mkewe Mama Ngalula. Utakula chakula chao na kulala na watoto wao. Kwa kuwa nakujua, siku hiyohiyo ya kwanza utafungua albamu yako kuwaonyesha kazi, na ukurasa wa kwanza umeweka picha yangu, ile ya ua la zambarau lenye giza nyuma yake. Papa Kabongo atalitambua ua hilo, kwa sababu alikuwa amepiga magoti nyuma yake. Jioni hii nimeitoa picha hiyo kwenye albamu nikaificha ndani ya Biblia, nikairudisha, nikaitoa tena. Sasa iko hapa mezani, na kabla hujaamka sharti niamue kama inakwenda na wewe au inabaki. Ikibaki, utaniuliza kwa nini. Ikienda bila maelezo, utaaibika mbele ya wenyeji wako kwa jambo usilolijua. Ndiyo maana naandika, ingawa mkono wenyewe unakataa.

Niache nianzie kwenye maua. Najua unayajua, pengine kunishinda, lakini mtu akishikwa na haya huanza na kile anachokiweza.

Unakumbuka ulivyopiga kelele siku ya kwanza nilipochomoa lenzi, nikaigeuza nyuma mbele, nikaishikilia kwa vidole kwenye mdomo wa kamera? “Papa, unaibomoa aparei!” Kumbe lenzi iliyogeuzwa huona karibu kuliko ilivyotengenezwa kuona, na kiua kidogo kama ukucha kinaijaza picha nzima. Wenye uwezo wananunua vyombo maalumu vya kazi hiyo. Sisi, mji ukiwa umetufia mikononi na duka la vitu vya picha limegeuzwa kuwa la kuuzia chumvi, tuligeuza tulichokuwa nacho. Kasoro yake ni vumbi. Hata huko usigeuze lenzi pembeni mwa barabara, tafadhali, na usipulize ndani kwa mdomo. Unatia mate, halafu unalalamika kwamba picha ina madoa. Nimekwambia hilo mara ngapi sijui.

Na usihangaike kuzungusha pete ya lenzi ukitafuta picha ikae sawa. Weka viwiko chini, au juu ya mfuko wa mchanga, kisha usogeze kifua mbele na nyuma, polepole, mpaka zile nyuzi za katikati zenye unga zionekane wazi. Hapo ubane pumzi na ubonyeze. Punguza tundu la mwanga kadiri jua linavyokuruhusu, maana ukiwa karibu namna hiyo sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba sana: ukikipata kitovu cha ua, unapoteza ncha za petali. Haiwezekani kupata vyote. Uchague moja, na usimlaumu mtu baadaye kwa ulichokiacha.

Piga asubuhi, kabla upepo haujaamka. Spoku ya baiskeli ukiichomeka ardhini na kulifunga shina kwa uzi, ua litatulia. Jua likiwa kali, tandaza kipande cha chandarua juu yake. Kivuli kikiwa kizito, weka sahani nyeupe ya bati upande wa pili, irudishe mwanga. Sahani ile ya marehemu mama yako nimekufungia kwenye nguo zako. Shangazi amelalamika kwamba inachukua nafasi ya viatu, mwache alalamike.

Halafu kitambaa cheusi. Hicho nilikisifu kuliko vyote. Nilikikata kwenye pazia la studio, na nikakufundisha kukiweka mbali kidogo na ua, ili nyuzi zake zisionekane. Kila kitu kinatoweka: mfereji, takataka, ukuta uliobanduka rangi, foleni ya ndoo kwenye bomba lisilotoa maji. Linabaki ua peke yake. Watu wa hapa walizipenda sana kadi zangu za maua kwa sababu hiyo. Mji mzima ulikuwa unaoza, mishahara haitoki, na mimi niliwauzia kipande cha dunia isiyo na uchafu, wakazipeleka kwenye harusi na kwenye vilio. Wakaniita Papa Fleurs, Baba Maua. Padri alinitaja hata kwenye mahubiri, mtu anayeona uzuri pale wengine wanapoona taabu. Wewe ulinigeukia ukitabasamu, na mimi nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu. Siku ile nilikuwa nimevaa kandambili.

Kuna siku nyingine ninayotaka kuitaja kabla ya kufika mbali. Ulipiga ua la mboga ya maboga bila kitambaa. Nyuma yake, kwa ukungu, zilionekana nyayo mbili zilizopasuka, na mkia wa samaki ukining'inia kwenye beseni. Nilikukaripia.

“Angalia, umeacha uchafu nyuma.”

“Haina uchafu, Papa. Ni miguu ya Mama Feza.”

“Muntu atanunua kadi ya miguu?”

Ulichukua picha yako ukaiweka kwenye kitabu cha shule, na tangu hapo ukawa unanionyesha zile tu zenye giza nyuma. Nilijua kwamba wewe ndiye uliyekuwa na haki, na bado nilikuacha unyamaze. Picha ya karibu haidanganyi kwa kuongeza kitu, Solange. Inadanganya kwa kuacha. Nililijua hilo kabla hujazijua kamera, na nilijifunza mahali pabaya.

Sasa nimefika.

Wewe unawakumbuka akina Kabongo kama majirani wa ukuta mmoja. Ni zaidi. Mama yako alipofariki, mimi sikujua hata kukuchana nywele. Nilikuwa nakupeleka shule umefanana na mtu aliyetoka kupigana. Mama Ngalula alikuita siku moja juu ya ukuta, akakuketisha katikati ya magoti yake, na kuanzia hapo kichwa chako kikawa kazi yake. Mama mzazi wa Papa Kabongo, yule tuliyemwita sote Kaku, yaani bibi, alikuwa akikutafunia karanga kwa yale meno yake mawili mpaka nikamzuia. Papa Kabongo alikuwa karani, lakini jioni zake alikuja kukaa studio kwangu, akinitania kwamba sisi watu wa ziwa la Tshangalele tunanuka samaki hata tukiwa tumevaa kostimu, nami nikimjibu kwamba watu wa Kasai, mbuzi wakiwaona wanaandika wosia. Alizitazama kamera zangu miaka mingi. Alijua kila sauti yake.

Ilipofika miaka ile ya kuambiwa kwamba watu wa mkoa wa Kasai, kama akina Kabongo, warudi kwao, hata waliozaliwa hapahapa Panda na wasioijua Kasai hata kwa ndoto, nilikupeleka kijijini ziwani kwa baba yako mdogo. Nilikwambia ni kwa ajili ya usalama wako. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine, sikutaka uone nitakavyokuwa. Nilishaanza kujiona. Vijana walipopita mtaani kuuliza nyumba ipi ni ya nani, nilitoka nje nikakaa mlangoni kwangu, nionekane vizuri, niongee nao kwa lugha ya nyumbani kwetu. Sikumtaja mtu. Lakini nilifurahi walipocheka na kunipiga begani, nilifurahi kuitwa mwana wa hapa, na Papa Kabongo alikuwa upande wa pili wa ukuta akifunga magodoro yake. Kila nikiikumbuka ile furaha nataka kutoka ndani ya ngozi yangu.

Walikwenda kukaa stesheni pamoja na wengine wote, kwenye maturubai, wakingoja treni ambayo haikuwa na siku. Wiki zikapita. Mimi sikwenda. Nilisema moyoni nitakwenda kesho, na kesho ikawa na kesho yake. Mwishowe Mama Ngalula akanitumia neno kwa mtu: Kaku anadhoofika, anataka picha kabla ya safari, njoo na kamera.

Ni lazima ujue picha hiyo ilikuwa ya nini. Unajua kilio chetu kilivyo: marehemu anawekwa mezani kwa sura yake, picha kubwa yenye fremu, na wanaofika wanaisalimia kwanza picha ndipo wanakaa. Kilio kisicho na picha ni kama watu wamekusanyika kumlilia mtu asiyekuwepo duniani. Kaku hakuwa na picha hata moja. Miaka yote aliishi ukuta mmoja na mpiga picha, na kila akiitwa apigwe akawa anasema, “Minye? Ngoja ninone kwanza.” Sasa alikuwa anaona hatanona tena.

Nilikwenda asubuhi. Kamera ilikuwa na filamu, nimeipakia mwenyewe nyumbani, na lenzi na kile kitambaa vilikuwa mfukoni kama kawaida, maana hata wakati ule nilipiga maua ya kujifurahisha. Mvua zilikuwa zinaisha. Kando ya reli, pale mabehewa ya madini yalipokuwa yakimwaga punje zake zamani, udongo ulikuwa umejaa yale maua madogo ya zambarau yanayopenda shaba, yasiyoota kwingine. Watu walikuwa wamekaa hadi ukingoni mwake. Walikuwa wamemvisha Kaku kitambaa kipya cha kichwa, cha bluu, wamemkalisha juu ya sanduku, mgongo umenyooka. Aliponiona alicheka.

“Mutoto, unachelewa! Usinipige ile ya kufunga kinywa. Niko na meno mbili, zionekane.”

Niligeuka kutafuta mwanga, na nikamwona kijana mmoja wa mtaa wetu amesimama langoni. Alikuwa mmoja wa wale walionipiga begani. Hakuwa na fimbo, hakuwa na wenzake. Aliniangalia tu, akaangalia kamera. Basi. Nataka ujue kwamba hakusema hata neno.

“Papa Kabongo,” nikasema, “filme imeisha.”

“Imeisha?”

“Imeisha. Nilisahau kuleta ingine.”

Akaitazama kamera shingoni mwangu. “Sasa aparei unaleta ya nini?”

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale miguuni pangu. Nikaonyesha chini. “Nilitaka nijaribu lentille kwa ile maua. Kuangalia tu.”

Ningekuwa yeye, ningenitemea mate. Yeye akacheka, kicheko chake kilekile cha studio. “Bantu ba ziwa! Bantu beko banafukuzwa, weye uko natafuta maua. Leta ile kitambaa yako, nikushikie.”

Kaku alikuwa bado amenyoosha mgongo. Mama Ngalula akainama kumweleza sikioni, na mzee akanipungia mkono, kunituliza mimi. “Haina mambo, mutoto. Utanipiga siku ya kurudi.”

Nikalala chini kwa tumbo. Papa Kabongo akapiga magoti nyuma ya ua, akatandaza mikono yake, kitambaa kikawaziba wote: mkewe, watoto, maturubai, mama yake na kitambaa chake cha bluu. Nikageuza lenzi. Nikasogeza kifua mbele, nyuma, mbele. Hakukuwa na upepo. Na kwa kuwa mikono yangu haijui kufanya kitu kingine ua likikaa sawa, nikabonyeza. Nikavuta kile kiwiko cha kusogeza filamu, nikabonyeza tena, na tena.

Wewe unajua ninachotaka kusema, kwa sababu nilikufundisha. Kamera yetu ikiwa tupu, ukivuta kiwiko, kile kitufe cha kurudishia filamu juu upande wa kushoto kinakaa tuli. Ikiwa na filamu, kinazunguka. Papa Kabongo alikuwa amepiga magoti uso kwa uso na kitufe hicho, karibu kiasi cha kukigusa. Nilipoinua macho alikuwa anatazama pembeni. Akakunja kitambaa changu vizuri, pembe kwa pembe, akanipa. “Asante kwa kuja,” akaniambia. Kaku akaniombea baraka.

Nimejitetea kwa miaka. Nimesema niliogopa, nina mtoto asiye na mama, wangeichoma studio. Hofu ilikuwepo, siwezi kuikana. Lakini Mama Feza, yule muuza samaki mwenye miguu niliyoiita uchafu, alikuwa akipeleka samaki stesheni kila alipotoka ziwani, mchana kweupe, beseni kichwani, na vijana walewale wakimpisha. Masista walipeleka uji. Mimi nilitakiwa kubonyeza kidole mara moja, kwa sura moja, na kidole hicho nikakibonyeza kwa ua. Jirani zetu walinilelea mtoto, nikawalipa hivyo. Asante ya punda ni mateke, na hata punda hapigi teke aliyelala njaa stesheni.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Nilipoisafisha filamu, picha ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kupiga. Nilitamani iwe mbovu, iwe na giza, iwe imetikisika, na haikutikisika. Nikaitengeneza kadi, watu wakaipenda, nikaendelea. Uliporudi kutoka ziwani ulikuta studio imefungwa kwa watu na baba yako amekuwa mpenzi wa maua tu. Nilikwambia picha za watu hazina soko tena. Ukweli ni kwamba sikuweza kumwekea mtu yeyote kamera usoni. Mtu akikaa kwenye kile kiti na kunyoosha mgongo, nilikuwa namwona Kaku. Ua halinyooshi mgongo, wala halikuombei baraka. Nikajificha humo, na nikakuvuta na wewe ndani, nikauita urithi.

Kaku hakurudi. Alifika Mwene-Ditu akiwa hai, akafariki muda mfupi baadaye. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliyepita hapa alinieleza kuhusu kilio chake bila kujua anamweleza nani. Alisema kitu kilichomshangaza ni kwamba mezani hapakuwa na picha, waliweka kitambaa cha kichwa cha bluu, kimekunjwa, na wageni wakakisalimia hicho. Nilimuuliza bei ya mahindi.

Halafu mwaka huu mfanyabiashara huyohuyo akaja na neno la Papa Kabongo, na wewe ulikuwepo, ulisikia, ukaruka kwa furaha. Wameshasikia kwamba una mkono mzuri. Mtaa wao mpya hauna mpiga picha, kuna harusi, kuna shule, kuna ubatizo. “Papa Kabongo anasema mutume Solange, batamulalisha na batoto. Anasema tu akuje na filme.” Wewe ulisikia maneno ya kazi. Mimi nimelala na maneno hayo ya mwisho kila usiku tangu siku hiyo. Sijui kama ni ushauri wa mtu anayejua filamu ni adimu huko, au ni mtu aliyekiona kitufe kikizunguka na amekaa nacho kimya miaka yote hii. Nimeyageuza mbele nyuma, hayasemi.

Na bado wamekuita. Kama alikiona na amekuita hivyohivyo, sijui niuweke wapi uso wangu. Ningependelea anitukane.

Sitakwambia uache maua. Utayapiga, na utayapiga vizuri, na siku usipokuwa na kazi yatakutuliza. Kitambaa cheusi sitakufungia. Wakati mwingine utakihitaji, utapata chako, lakini kabla hujakitandaza, inua macho uangalie kinaziba nini. Ukiwa karibu mno na kitu kizuri ni rahisi kusahau kwamba kuna watu wamekaa pale. Nilikuwa na jicho zuri kuliko wapiga picha wote wa Likasi, watu walisema hivyo na nilikubali kichwani mwangu, na siku niliyohitaji kuona niliona ua.

Mtu akikaa mbele yako amevaa nguo yake bora, mpige. Kama hana cha kukulipa, mpige. Kama ni mzee na anasema ngoja ninone, usimsubiri anone. Nimekuwekea filamu zote nilizokuwa nimezificha juu ya kabati. Hazikuwa nyingi, na nilikuwa nazitunzia maua.

Sasa picha. Nilidhani nikiandika mpaka hapa nitajua la kufanya, na kweli nimejua, ila silipendi. Nimeirudisha kwenye albamu, ukurasa wa kwanza, pale ulipoiweka wewe kwa mapenzi yako. Ukifika, usisubiri Papa Kabongo aigundue mwenyewe. Mpe mkononi, Mama Ngalula akiwepo. Mwambie, “Papa anasema filme ilikuwa mule.” Maneno hayo tu. Najua hayatamrudishia Kaku sura. Najua pia kwamba unaweza kuharibikiwa na mambo yako kwa ajili yangu, ndani ya nyumba ngeni, mbali, na hilo linanitia haya kuliko yote: nimekutuma mtoto wa watu kubeba mzigo uliokuwa wangu, kwa kuwa nauli ilikuwa ya mmoja na mlango uliofunguliwa ulikuwa wako. Wakikasirika, wamenikasirikia mimi. Wakikwambia urudi, urudi, kitanda chako hakiguswi. Wakikuweka, uwaheshimu kama wazazi, maana walikuwa wazazi wako wakati mimi sijui kuchana nywele.

Watakuuliza. Mama Ngalula hasa atauliza, namjua, atataka kusikia kwamba nililazimishwa, kwamba walinitishia, ili apate njia ya kunisamehe na chakula kiendelee kuliwa. Na wewe una moyo mwepisi, utamwona analia, utataka kumwambia kwamba baba aliogopa, kwamba baba alikuwa peke yake, kwamba baba si mtu mbaya. Mtoto mwema humtetea baba yake. Mara hii moja, Solange, usinitetee.

Papa yako